Mashine ya Kutoa Mchanga kwenye Uwele

Ilongero,
4 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi mpaka jua lipande. Wewe je? Masikio yanaendeleaje? Nimemtuma Derick wa bodaboda akukabidhi barua hii mkononi, maana kukupigia simu ni kumpigia kelele jirani yako Gasto bure.

Nina habari. Afisa maendeleo wa kata alikuja kusaga kwangu, akaiona ile mashine uliyonitengenezea ya kutoa mchanga kwenye uwele. Aliitazama mpaka unga wake ukaisha kusagwa bila yeye kujua. Akaniambia kuna mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa biashara zenye kitu kipya kinachofanya kazi lakini hakijafika sokoni. Siyo mkopo, Mjomba. Hairudishwi. Wanagharamia vyuma, vipimo vya ubora, hata kuwatafuta wanunuzi. Mimi nina leseni ya kusaga, kwa hiyo naruhusiwa kuomba.

Tunayo mashine moja tu, na wanawake wanakuja na magunia kutoka mbali. Tungekuwa na kumi! Watu wa Iguguno nao wangekula ugali usiokwaruza meno.

Fomu inataka mchoro, jina la mbunifu na namba ya kitambulisho chake. Mwisho ni tarehe 23. Nakuomba sana.

Mpwa wako,
Lea


Mgori,
10 Februari 2024

Mpwa wangu Lea,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mbuzi wazima, na masikio yapo palepale ila hayafanyi kazi. Mwambie dada yangu Emiliana achue goti kwa mafuta ya alizeti ya vuguvugu.

Kuhusu ruzuku: hapana.

Ulikuwa bado mdogo nilipotengeneza mashine ya kubangua karanga. Walikuja wageni wawili na kamera, wakanywa chai yangu, wakasifu, wakachora, wakaaga vizuri. Msimu uliofuata nikaikuta mnadani imepakwa rangi ya bluu. Muuzaji akanifundisha mimi namna ya kuitumia! Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana siku zile nilikuwa nasikia.

Mchoro uko kichwani mwangu na hautoki. Wewe endelea kuitumia hiyo mashine, Mungu akubariki. Jina langu lisiingie kwenye fomu ya mtu.

Mjomba wako,
Melkiori


Ilongero,
26 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Goti la Mama limepata nafuu, anakushukuru.

Sitaki uje kuisikia kwa mtu mwingine. Nimetuma maombi. Nilikaa mbele ya mashine nikaichora mwenyewe, mguu kwa mguu. Palipoulizwa mbunifu ni nani, nikaandika jina langu. Nilijiambia ni kujaza nafasi tu, na wewe mwenyewe ulikataa jina lako liwepo. Lakini tangu nilipotuma silali vizuri.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mpwa wako,
Lea


Ilongero,
2 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwezi umepita bila jibu. Derick anasema uliisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani bila hata kumkaribisha maji. Hapo nikajua umekasirika.

Jana watu wa mfuko walinipigia. Tumepita hatua ya kwanza. Tarehe 20 mwezi huu tunatakiwa Singida mjini tuonyeshe mashine ikifanya kazi. Nilirukaruka mpaka wateja wakacheka. Kisha mtaalamu wao akaniuliza, "Chekecheo lako limelala upande kidogo, halafu linacheza kwa kurusha. Kwa nini uliliweka hivyo?"

Mjomba, niligeuka nikalitazama. Nimelisafisha chekecheo hilo kila siku kwa miaka mitatu na sijui kwa nini limelala upande.

Nikamwambia ukweli: aliyeibuni ni mjomba wangu Melkiori wa Mgori, nami nilidanganya kwenye fomu. Akasema maombi yanaweza kufutwa, labda mbunifu mwenyewe afike siku hiyo na barua ya kurekebisha jina.

Sikuombi uje. Yakifutwa, nimestahili. Ninachoomba ni unisamehe, ili sikukuu ijayo nije Mgori kama zamani, nisipite njia ya nyuma.

Mpwa wako,
Lea


Mgori,
8 Aprili 2024

Lea,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilikasirika siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nikachoka, ila nikaona aibu kuandika kabla hujaandika tena. Sasa umeandika, na umemwambia mtu wa serikali kwamba umedanganya. Mimi sijawahi kuwa na ujasiri huo. Yamekwisha.

Nitakuja. Usikae mbali na mimi, maana watauliza maswali na mimi nitaona midomo tu.

Na kuhusu lile chekecheo. Mashine ya kwanza ililala sawasawa kama meza, na mchanga ukawa unatoka pamoja na uwele. Nikafika kwenu nimekata tamaa. Mama yako alikuwa uani anapepeta. Nikaona haushiki ungo sawa hata mara moja: anauinamisha kushoto, anarusha kidogo kwa kiganja, mchanga unabaki nyuma, uwele unakimbilia mbele. Nilimwangalia mchana kutwa, akadhani nimekuja kuomba chakula.

Kwa hiyo hata ukiandika Melkiori, fomu yako bado ina kosa. Mlete Emiliana. Na ungo wake.

Mjomba wako,
Melkiori


Ilongero,
30 Mei 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Huku furaha tupu. Mama anatembea bila fimbo, nafikiri ni kwa sababu ya habari.

Tumepata! Barua imefika leo. Watagharamia mashine nane badala ya kumi, na watatupatia mwanasheria wa kuusajili ubunifu wetu, asije mtu akaupaka rangi ya bluu.

Siku ile ya maonyesho hukusikia mengi, ngoja nikuandikie. Yule mama wa miwani, mmoja wa watu wa mfuko, alipokuuliza, "Mzee, kuibuni kulikuchukua muda gani?" wewe ulijibu, "Uwele, na mtama pia." Ukumbi mzima ukacheka, na wewe ukacheka nao, wakakupenda palepale.

Ulipochota mchanga wa nje na kuumwaga kwenye uwele safi, mama wa miwani alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee ameharibu uwele wake mwenyewe." Kisha Mama akaanza kupepeta pembeni. Ukamshika kiganja, ukaonyesha chekecheo, ukaonyesha tena kiganja. Yule mtaalamu aliyenipigia simu akajipiga paja: "Kumbe! Ni mkono wa huyu mama!"

Uwele ulipotoka kwenye mashine, mama wa miwani akatia punje mdomoni. Sote tukawa tunasikiliza meno yake.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mchanga hata kidogo."

Mwenzake akanyoosha mkono: "Nipe na mimi."

Kwenye barua tumeandikwa wabunifu wawili, Melkiori na Emiliana. Mimi ni mwenye biashara, na cheo hicho kinanitosha. Mama ameuliza, "Yaani nimeandikwa na serikali kwa kupepeta?" Tangu asubuhi anawauliza wateja kama wanamfahamu.

Vyuma vinafika wiki ijayo. Andaa karakana.

Mpwa wako,
Lea


Mgori,
18 Agosti 2024

Mpwa wangu Lea,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, ila mabega yanauma kwa kazi na sijalalamika kwa mtu. Salamu kwa dada yangu, mbunifu mwenzangu.

Mashine tano zimekamilika. Ile ya Iguguno niliipeleka mwenyewe. Kikundi cha akina mama kiliijaribu, kisha mwenyekiti wao, Bi Amne, akaniita kando. Kwa bahati nzuri ana sauti kubwa. "Fundi," akasema, "hii ulimpimia twiga?"

Nilipima kwa urefu wako, Lea. Kwao wanafanya kazi wamekaa. Nikaazima msumeno, nikakata miguu yote minne mbele yao, wakapiga vigelegele kama harusini. Hizo tatu zilizobaki nitazifanya fupi. Rekebisha mchoro kabla mwanasheria hajaupeleka.

Jambo la mwisho. Juzi natoka mnadani na Gasto, kila mtu na baiskeli yake. Tukapishana na kijana mmoja, akatamka kitu. Nikaitikia, "Marahaba," nikaendelea zangu. Mbele kidogo Gasto akanisimamisha, anacheka mpaka anashika tumbo. Akanipigia kelele sikioni kwamba yule hakunisalimia. Aliuliza, "Wewe ndiye Melkiori, aliyebuni mashine ya uwele?"

Nikageuza baiskeli. Nilimfukuzia mpaka karibu na daraja, nikashuka nikihema, nikamwambia:

"Ndiye mimi."

Mjomba wako,
Melkiori