Vyuma vya Mzee Loizos

Jumatatu, 3 Februari

Makaa yameshika mapema. Nyama ya nguruwe nimeikata kama kawaida, vipande vikubwa kama ngumi ya mtoto, nikaitunga kwenye vyuma bapa vya Mzee Loizos, vile alivyokuja navyo kutoka Kipro akiwa kijana. Hakuna kiungo. Chumvi mwisho, nyama ikishaiva. Wiki yangu ya kwanza dukani niliilaza na chumvi na tangawizi, kama mishikaki ya kwetu. Mzee alipiga meza hadi vitunguu vikaruka.

Leo mkwewe, Makis, ameingia na maboksi ya vijiti vya mti. Yeye ni wa Thesalonike. Amesema duka sasa analiendesha yeye, Mzee amechoka. Suvlaki, mishikaki ya Kigiriki, sasa itakuwa ya kwao: vipande vidogo vilivyolala kwenye mafuta na oregano, mkate wa pita unasokotwa kama sigara, chipsi ndani, haradali juu. Mzee akasema hicho ni chakula cha mtu asiye na meno. Makis akachukua sinia langu, akalimwaga kwenye pipa la taka. Lote. Vyuma vikalia.

Nimekulia kambi ya wakimbizi. Mtu anayemwaga nyama mbele yangu simsahau.

Alhamisi, 6 Februari

Jiko jipya la gesi limefungwa ndani. La makaa limesukumwa uani. Mzee ameruhusiwa kuliwasha Jumamosi tu, kwa wateja wake wa zamani. Ameruhusiwa! Duka kalijenga yeye, nusu ya mtaa huu wa Bankstown inamjua.

Makis amekusanya vyuma kwenye gunia, akapakia garini. Anavipeleka dampo, kasema. Mzee amebakiwa na vichache alivyoficha nyuma ya magunia ya makaa. Amelia. Sikutaka kuona, nimeona.

Androula, binti yake, ndiye mke wa Makis. Yuko kaunta, anapokea malipo. Gunia limepita mbele yake, akaendelea kuhesabu chenji. Nimemkasirikia.

Jumamosi, 8 Februari

Joto la kuua. Nimechoma uani, macho yamevimba kwa moshi.

Wateja wa Mzee hawataki mkate wa kusokotwa. Wanataka wa Kipro, uliopasuliwa kama mfuko, na vitunguu, kotimiri na limau. Mmoja wao kapewa wa Makis, akauinua juu. "Makis, mwanangu, hii suvlaki au soksi?" Duka zima likacheka. Makis akaruka kaunta, akamkaba yule mteja shati, akambamiza kwenye friji ya soda. Kioo kikapasuka. Damu sikioni. Androula akaingia kati. Makis akamsukuma kwa kiwiko cha mdomo bila hata kumtazama, kama mtu anayesukuma mlango wa kwake.

Hapo ndipo niliposhtuka. Si kwa nguvu. Kwa mazoea.

Androula alifuta mdomo akaendelea kupokea pesa. Amevaa mikono mirefu. Joto hili lote, mikono mirefu.

Jumatano, 12 Februari

Nimejua.

Stoo, mimi na Androula tulikuwa tunashusha boksi la nyanya. Mkono wa shati lake ukapanda. Alama ya moto, bado mbichi. Mstari ulionyooka, upana wa kidole, ncha imechongoka. Akasema ni oveni ya nyumbani.

Nikakunja shati langu. Ninayo alama kama hiyo kwenye kifundo cha mkono, ya wiki yangu ya kwanza, nilipoegemea chuma cha Mzee. Nikaiweka kando ya yake. Upana uleule. Ncha ileile.

Dukani siku hizi tunatumia vijiti tu; vyuma vichache vya Mzee navishika mimi, Jumamosi, uani. Vijiti havichomi hivyo. Basi lile gunia halikwenda dampo. Liko nyumbani kwao. Makis anavidharau vyuma vya Kipro kwa nyama. Kwa mkewe vinamfaa.

Androula ameketi juu ya boksi, akanishika mkono. "Usimwambie baba. Atamuua, afie jela."

Mume wangu wa kwanza, kambini. Nesi aliniuliza. Nilimjibu nimeangukia jiko.

Ijumaa, 14 Februari

Nimempigia Mama Furaha, Mkongomani wa kanisani kwetu, anayehudumia wazee kule Westmead. Kwanza kafoka. "Weye, achana na mambo ya bazungu, batakufukuza kazi." Kisha: "Lakini ule bwana atamumaliza. Umulete kwangu, kitanda iko."

Nimemweleza Androula. Kitanda kipo, polisi wapo, nitasimama naye. Amesema baada ya wikendi. Mimi wakati wangu nilisema baada ya mvua. Mvua iliisha, nikasema baada ya mavuno.

Nikikata nyama leo nimeifikiria shingo ya Makis. Si mara moja. Kisu nimekinoa mwenyewe, kinapita kwenye gegedu kama kwenye siagi. Nimeandika ili kitoke kichwani. Hakijatoka.

Jumamosi, 15 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Mchana, duka limejaa. Mzee na mimi uani, mlango wazi. Androula akakosea kurudisha chenji. Makis akamshika nywele, akamburuta hadi jikoni, akambana shingo ukutani. Wateja wakapiga kelele, hakuna aliyesogea. Mimi nilisogea. Nikampiga Makis mgongoni kwa ubao wa kukatia, kwa nguvu zangu zote, ubao ukapasuka. Akamwachia Androula, akanigeukia mimi. Ngumi ya kwanza ilinipata shavuni.

Shati la Androula lilikuwa limechanika hadi begani. Mzee alikuwa mlangoni. Akautazama ule mkono. Sekunde chache tu. Vile vyuma anavijua kama vidole vyake.

Akarudi uani. Akaibeba trei ya makaa kwa mikono mitupu, chuma chenyewe chekundu pembeni, akaingia nayo, akammwagia Makis kifuani na usoni.

Ile sauti. Na harufu. Miaka yote naichoma nyama, leo nimetapika.

Ngozi ya viganja vya Mzee ilibaki kwenye trei. Alisimama tu. Ambulensi mbili. Polisi.

Nilifurahi. Naliandika hilo pia. Nilifurahi, na nusu saa baadaye sikufurahi.

Jumatatu, 17 Februari

Kituo cha polisi. Makis ataishi. Jicho moja huenda likapotea.

Afisa akaniuliza: makaa yalipomwagwa, mkono wa Makis ulikuwa bado shingoni mwa Androula? Nilijua jibu linalomsaidia Mzee. Nikasema hapana. Alikuwa amemwachia, ananipiga mimi. Nikamwonyesha shavu.

Akamuuliza Androula kuhusu alama. Nilikuwa nje, mlango haukufungwa vizuri. Nilidhani nitasikia oveni. Nilikuwa nimeshakunja ngumi.

"Chuma ni cha baba yangu," akasema. "Aliyekishika ni mume wangu. Si mara moja. Gunia liko gereji kwetu, nendeni."

Nikalia hapo kwenye benchi. Mama Furaha alikuwa nami. "Amesema, weye. Amesema."

Alhamisi, 20 Februari

Leo ni ile Alhamisi ya Wagiriki ya kuchoma nyama kabla ya mfungo wao. Kila mwaka foleni hufika barabarani. Mwaka huu duka limefungwa.

Mzee yuko nyumbani kwa dhamana. Kesi Aprili. Huenda akafungwa, wakili hakumficha. Viganja vimefungwa bendeji, kama mtoto aliyevalishwa soksi mikononi.

Androula amelala kwa Mama Furaha tangu Jumamosi. Leo amekuja na gunia. Chuma kimoja kimebaki polisi. Vingine tumevisugua kwa mchanga na limau, mimi na yeye, uani kwa Mzee. Alikuwa amevaa blauzi isiyo na mikono. Mikono yake yote ilikuwa nje, na alama zake, juani.

Nikatunga nyama. Vipande vikubwa. Androula akawasha makaa, mkono ukasita mara moja juu ya chuma, kisha akakigeuza.

Mzee hawezi kushika. Nimempasulia mkate, nikamtilia vitunguu na limau, nikamlisha. Akatafuna polepole, macho kwenye moshi.

"Chumvi umeiwahisha," akasema.

Akafungua mdomo tena.