Minza Hakuacha Shule

Mpendwa dada Minza,

Siku tuliyokuzika nyumbani Mwamapalala, mwalimu wako wa michezo alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema ulikuwa mchezaji hodari ambaye kwa bahati mbaya "aliacha shule mwenyewe". Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nilikuwa nimeshika udongo wa kukutupia kaburini, nusura nimtupie yeye usoni. Malaria ndiyo iliyokuchukua, nayo siwezi kugombana nayo. Na uongo ule nitagombana nao mpaka nife.

Hukuacha shule. Ulifukuzwa, na mimi nilikuwepo, kidato cha kwanza, wewe cha tatu.

Unakumbuka soko huria lilipoingia, ushirika unayumba, wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania wakulima? Mmoja wao alileta jezi na kikombe Bariadi ili shule zishindane. Kaka yetu Mabula, golikipa wa wavulana, akajigonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Akatapika, akawa anauliza yuko wapi. Mwalimu huyo huyo wa michezo akamtoa uwanjani haraka na kumpeleka nyumbani apumzike. Mayu, mama yetu, akamwekea maziwa, baba akakataza kelele uani kama vile kuna mfalme amelala. Baada ya wiki Mabula alikuwa mzima kabisa.

Halafu ikaja zamu yenu ya netiboli. Uliruka kudaka mpira, kichwa chako kikagongana na cha msichana wa timu ya Mwandoya, ukaanguka kwenye udongo mkavu. Ulipoinuka ulianza kwenda goli lisilo lenu. Watu wakacheka. Mwalimu akapaza sauti: "Minza, acha kudeka! Mgeni anatazama!" Mgeni ndiye yule mnunuzi wa pamba. Ukacheza mpaka mwisho, mkashinda, kikombe kikawekwa ofisini.

Jioni ile ulitapika bwenini. Mwanga ukawa unakuumiza macho, ukawa unasoma mstari mmoja na kuurudia kama hujauona. Zikapita wiki. Ndipo akili za walimu zikaenda kule zilikozoea kwenda: msichana anatapika, basi ana mimba. Matroni akakulaza, akakubonyeza tumbo, akatangaza, "Humu kuna kitu." Kitu gani, maharage ya shule? Hakuna aliyeuliza habari za kichwa. Uliambiwa ufunge sanduku lako, baba akaja kukuchukua akiwa ameinamisha uso.

Nyumbani Mayu alikuuliza kila mkikaa jikoni, "Ng'wanone, mwanangu, ni nani? Sema tu, sitakupiga."

"Mayu, ni kichwa kinaniuma."

Miezi tisa ikapita, mtoto hakuna. Hakuna aliyekuja kusema samahani, wala aliyekurudisha darasani. Kichwa kilikusumbua karibu mwaka mzima, wakasema unajifanya, mbona Mabula alipona kwa wiki? Mabula alipumzishwa! Wewe ulirudishwa uwanjani huku unayumba.

Nakuandikia leo kwa sababu ya mwanangu Holo. Siku hizi wasichana wanacheza mpira wa miguu, naye alipigwa kiwiko kichwani. Kesho yake akatapika shuleni, nikaitwa. Mwalimu, msichana mdogo tu, akaniinamia na kunong'ona, "Mama Holo, samahani, mwezi huu ameziona siku zake?"

Dada, niliona giza kwa hasira.

"Mwalimu," nikamwambia, "shika kichwa chake. Tumbo halikucheza mpira."

Nikampeleka hospitali. Daktari akanieleza kwamba kichwa kikitikiswa hivyo, mara nyingi wasichana huumwa zaidi na huchelewa kupona kuliko wavulana, na mtu akirudishwa kucheza mapema huchelewa zaidi. Alilisema kwa upole, kama jambo linalojulikana na kila mtu. Kumbe mwaka ule mzima ulikuwa unasema kweli tupu, na nyumba nzima tulikuwa tunakupima kwa Mabula.

Nimemzuia Holo kucheza mpaka daktari aseme. Fainali itampita. Amenuna, hanisemeshi, anasema nimemharibia maisha. Anune tu. Jumatatu atanunia darasani.

Pumzika, dada yangu. Mimi bado sijapoa.

Mdogo wako