Ile Picha ya Pama

Kapiri Mposhi, Zambia,
12 Septemba 2009

Asajile, rafiki na ndugu yangu,

Leo natimiza miaka thelathini na mitatu tangu nipande treni Mbeya, reli ikiwa mpya na viti bado vinanuka rangi. Wewe ulikuwa umeshalala miezi saba ardhini. Muda wote huo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilidhani mtu akishazikwa mazungumzo yamekwisha. Kumbe yetu yalikatika tu, na sasa binti yako ameyafufua.

Skolastika ameniandikia kutoka Iringa. Ni mwalimu, ana watoto watatu, na mwandiko wake unaupita wako na wangu tukiunganisha. Anasema watalijengea kaburi lako la Ilomba kwa saruji na vigae, na siku hizi kuna fundi anayeweza kutia picha ya marehemu kwenye kigae isifutike kwa mvua. Picha waliyo nayo ni moja. Unaijua. Umesimama mbele ya pazia langu la studio pale Mwanjelwa, kofia ya pama imekuangukia jichoni, bastola kiunoni, midomo umeibana kama mtu aliyelamba shubiri. Skola anaipenda. Mama yake haitaki, na hasemi sababu. "Baba mdogo," ameandika, "wewe ndiye uliyeipiga. Tuiweke au tusiiweke? Na uje useme neno siku hiyo, maana mimi baba simjui."

Barua hiyo ina wiki tatu mezani. Nimeanza kuijibu mara nne, mara nne nimechana. Nimeona nianze na wewe, kwa sababu hasira niliyo nayo si ya kumwandikia mtoto.

Nina hasira, Asa. Na wewe, na mimi, na ule ukumbi wa sinema wa mjini.

Unakumbuka tulivyokuwa? Ulikuwa ukifunga kibanda chako cha useremala, unakuja studio na unga wa mbao kwenye nyusi, tunashikana mikono na kutembea taratibu hadi sokoni kula ndizi za kuchoma. Hakuna aliyegeuka kututazama. Wanaume wote wa rika letu walitembea hivyo, kidole kwa kidole, na mazungumzo yalikuwa marefu kwa sababu mkono ukishashikwa huwezi kukimbilia shughuli.

Halafu Jumamosi moja mchana tukaingia sinema. Jina la filamu nimelisahau, wala si kitu, zote zilikuwa moja. Stelingi, yule shujaa wa filamu, alipigwa risasi ya bega. Akakaa chini, akaitoa kwa kisu chake mwenyewe, akavaa pama yake, akapanda farasi. Hakusema hata "aa." Ukumbi mzima ulisimama kupiga kelele, na sisi tukiwemo. Mwanamke aliyempenda alilia kwa niaba yake. Yeye alimtazama tu, akaondoka.

Tulipotoka nje, jua likituumiza macho, nilinyoosha mkono kuukamata wako kama kawaida. Uliutia mfukoni. "Wanaume wazima," ulisema, "tutembee tumeshikana kama wasichana wa kipaimara?" Nilicheka. Wiki iliyofuata na mimi nilitia wangu mfukoni, na tangu siku hiyo sikumbuki kukushika tena ukiwa mzima.

Na ulikuwa na baba! Hilo ndilo linalonichosha. Hukuwa mtu asiye na mfano nyumbani. Baba yako, pale kwenu juu Tukuyu, alipofiwa na ng'ombe wake mkubwa alikaa mgombani akalia kwa sauti. Mimi na wewe tulimwona, tukiwa na miaka kumi. Wazee wenzake walikuja kukaa naye, wakampoza kwa Kinyakyusa, "ndaga, ndaga," hakuna aliyemcheka, na siku chache baadaye wao hao walimwita akaamue ugomvi wa mipaka ya mashamba. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika. Walikuwa wakali, na wake zao wana mengi ya kusema. Lakini kulia hakukumpunguzia mtu uanaume. Kwamba kunampunguzia, hilo tulikwenda kujifunza gizani mwa sinema, na kiingilio tukalipa wenyewe.

Sasa nifike Iringa, ambako dhambi yangu ilianzia.

Ulipelekwa kutengeneza benchi za kanisa, ukakaa wiki sita, ukarudi huna akili. Ulinieleza habari za Oliva tangu asubuhi hadi mchana. Kwamba mlikutana jikoni kwao, ulipokwenda kumsubiri baba yake, mzee wa kanisa. Kwamba mama yake alikuwa na sufuria kubwa la viazi, nawe ukachukua kisu ukaanza kumenya bila kuombwa, na Oliva akacheka kwa sababu ulikuwa ukivichonga kama miguu ya kiti. Ulitaka kumwandikia. Ulitaka kumwambia kwamba mbao za msindano za huko zina utomvu unaoziba randa, na kwamba kila ukiisafisha randa unamkumbuka alivyocheka.

Nilikukataza. Nilikuambia hiyo si barua ya mapenzi, hiyo ni ripoti ya fundi. Nilitoa gazeti la picha chini ya meza, lile la hadithi ambalo wateja walikuwa wakisoma wakisubiri zamu, nikakusomea maneno ya kweli, nilivyoyaita. Malkia wa roho yangu. Nitapita katikati ya moto. Dunia nzima ikisimama mbele yako, nitaiangusha. Uliandika yote, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikakuvika. Pama ya studio, miwani, koti ambalo nusu ya vijana wa Mwanjelwa walishapigiwa picha nalo, na ile bastola ambayo, Mungu anisamehe, ulinichongea wewe mwenyewe kwa mbao ya mninga. Ulianza kutabasamu. Nikasema, "Funga mdomo. Stelingi hacheki." Nikabonyeza.

Nilikwenda mimi kama mshenga wako, unakumbuka, nikakaa kwenye mkeka na kikombe cha pombe ya ulanzi mbele yangu, najisikia mtu mkubwa. Picha ilipita mkono kwa mkono. Wasichana waliipokea kwa vifijo. Ilipomfikia bibi yake Oliva, aliisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaniuliza, "Huyu amekasirika na nani?"

"Hajakasirika, bibi. Ndiyo picha."

"Na hiyo bunduki ndogo? Anataka kumuua nani humu ndani?"

Watu walicheka, nikacheka nao, nikaona ni ushamba wa kizee. Miaka yote hii sijapata kusikia swali zuri kuliko lile.

Ulipokuja mwenyewe mara ya pili, na shati lako la kijani na viatu vyenye gundi ya mbao, wadogo zake Oliva walikuzunguka. "Dada Oliva, huyu ni mdogo wake yule wa kwenye picha?" Mwingine akauliza, "Shemeji, farasi umemfunga wapi?" Ulikuwa utani wa mashemeji, kila bwana harusi hupita hapo. Mwaka mmoja kabla ungewajibu kwa utani mkubwa zaidi. Siku ile ulikunja uso. Tuliporudi Mbeya ulikwenda moja kwa moja sokoni, ukanunua pama yako mwenyewe.

Ukaoa, ukahamia ndani ya picha.

Hukumenya kiazi tena. Skola alipozaliwa ulimbeba ndani, mlango ukiwa umefungwa, lakini ukitoka uani ulimrudisha kwa mama yake kama kitu cha wizi. Ulianza kuongea kwa maneno mawili mawili. Siku moja Oliva alikuja studio, mtoto mgongoni, akakataa kukaa. "Shemeji, rafiki yako ana ugonjwa gani? Akirudi nyumbani anasimama kwanza mlangoni, ananitazama pembeni, kama anasubiri kupigwa picha."

Nilipaswa kufunga studio nikufuate siku ileile. Nilimjibu nini? "Wanaume ndivyo tulivyo, shemeji, utazoea." Sikuyafikiri. Yalinitoka yakiwa tayari, maana yalikuwemo gazetini.

Halafu ule msumari. Ulikuwa ukibomoa mbao kuukuu, ukaukanyaga, nao ukapita kwenye kandambili na kuingia unyayoni. Uliung'oa kwa koleo, ukamwaga mafuta ya taa kidogo, ukaendelea na kazi. Oliva alipoona kandambili yenye damu alikusihi uende ukachomwe sindano. Ulimwambia sindano ni ya watoto. Siku mbili baadaye ulikuja kwangu ukichechemea na kujitahidi usionekane unachechemea. Niliuliza, ukanieleza kwa ufupi, ukavua kiatu ukanionyesha.

Nililiona lile tundu, Asa. Lilikuwa dogo, jeusi, limevimba pembeni. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa na baiskeli yangu ilikuwa mlangoni. Nikakupiga bega nikasema, "Stelingi wewe! Hata hujasema aa!"

Ukatabasamu. Tabasamu lako lenyewe, la zamani. Ndilo la mwisho nililoliona, na ulilitoa kwa sababu nilikusifu kwa jambo lililokuwa likikuua.

Siku ya tisa taya likakaza. Ulipofikishwa hospitali mgongo ulikuwa umepinda kama upinde. Pepopunda, walisema, mngemleta mapema. Nilikushika mkono kutwa nzima, na hukuwa na namna ya kuutia mfukoni. Ulikufa saa kumi jioni, Oliva akiwa amekwenda nje kumnyonyesha mtoto.

Pale makaburini nilijikaza. Ndiyo, hata siku ile. Nilisimama nimebana midomo, watu wakasema huyu ndiye rafiki wa kweli, mwanaume. Oliva alinijia kabla ya kurudi kwao Iringa. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nilimpenda yule fundi aliyemenya viazi. Mkamchukua, mkaniletea mtu wa pazia." Miezi saba nilijaribu kuendelea na kazi. Kila kijana aliyeingia aliomba pama. Mwisho nililikunja pazia, nikalichoma nyuma ya studio, nikapanda treni.

Hapa Kapiri nimeishi kwa picha za paspoti. Uso mtupu, bila kofia, bila miwani, masikio yote mawili yaonekane. Nilioa, nikazika mke, nina wajukuu. Ungedhani mambo yamebadilika. Pama zimekwisha, ni kweli, siku hizi ni cheni za shingoni na magari ya kukodi. Jirani zangu wana televisheni, na humo kila jioni mwanaume anamwacha mwanamke analia mvuani bila kueleza sababu, na vijana wanaona hilo ndilo pendo. Mjukuu wangu wa miaka kumi na tisa aliumwa malaria wiki nzima akisema ni uchovu. Nilimpigia kelele hadi majirani wakatoka. Hawakuelewa mzee amepatwa na nini.

Na wewe nawe! Ungesema tu. Neno moja, "naumia." Mimi nilikuwa mpumbavu, lakini mguu ulikuwa wako. Ulikuwa na mke aliyekusihi, na mtoto wa miaka miwili. Watu waliompigia stelingi makofi siku ile ya sinema hawakukujua hata jina. Nimekwisha kukulilia, nimelia sana nilipofika huku ambako hakuna aliyenijua, lakini hasira haikutoka pamoja na machozi.

Jambo baya zaidi ni hili. Nilipopata barua ya Skola nilifungua sanduku la negatibu za picha nilizokuja nazo, nikizishika moja moja dirishani kwa siku tatu. Nilitafuta picha nyingine yako. Ukiranda, ukila, ukicheka, ukiwa umemshika Skola. Maharusi wa watu wamo, askari wamo, wanakwaya wamo. Wewe hakuna. Kila ulipoingia studio nilikuvika kitu kwanza, na ulipokuwa wewe mwenyewe sikuona sababu ya kupoteza filamu.

Kwa hiyo nitamjibu hivi. Kaburi lisitiwe picha. Waandike jina lako, waandike Fundi Seremala, inatosha. Mama yake alikuwa na haki, na nitamwomba Skola amsomee mama barua yangu yote kwa sauti. Nitamweleza habari za benchi, viazi, utomvu wa msindano, na vile ulivyocheka kwa kurudisha kichwa nyuma hadi kofia ya kazi ikaanguka. Nitamweleza habari za msumari, na nilichosema nilipouona. Sitapunguza. Atanichukia kwa muda, pengine kwa muda wote, lakini atakuwa na baba. Ile picha, akitaka, aiweke kabatini, na wanawe wakimwuliza ni nani awaambie ni picha ya koti la studio.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, na barua yake naianza leo hii nikimaliza hii.

Neno la kusema makaburini atalisema mwingine. Magoti yangu hayawezi safari ile, na hata yangeweza, watu wangetaka nisimame mbele yao niwaambie jinsi ulivyokuwa mwanaume hodari. Pumzika, Asa. Hakuna anayekutazama tena, waweza kulegeza midomo.

Mimi Mbeya sitarudi.

Rafiki yako,
Ambokile