Mbwa Wawili wa Cyrille

Ng'ambo ya mto Lufira, 4 Novemba 1962

Kambo wangu,

Nakusalimu wewe, babu, na bibi, Kambo Berthe. Mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima, ila mama bado anakohoa.

Tangu baba afariki, nawinda na mbwa wa watu. Nafukuza nyama vichakani mchana kutwa, kisha mwenye mbwa anapewa paja, mimi kwato. Mzee Germain ana mbwa wawili vijana, masikio wima. Yuko tayari kunipa, lakini unajua desturi: mbwa wa kuwinda haombwi na mtoto, huombwa na mkubwa wa ukoo. Tafadhali, niombee. Nawaota hata kanisani.

Mjukuu wako,
Cyrille

Likasi, 18 Novemba 1962

Mjukuu wangu,

Salamu zimefika. Mguu ni uleule. Floribert, mwenye mtumbwi, anamletea mama yako dawa ya kifua.

Kanisani watu husali, hawaoti. Tena askari wanazunguka huko, na mbwa hao, kwa kuwa hawabweki, huvalishwa kengele za mbao zinazosikika mbali. Lakini mama yako anahitaji nyama. Nimemwandikia Germain. Wachukue, ila usiwinde nao karibu na barabara mpaka vita viishe.

Kambo wako,
Urbain

Porini, 31 Desemba 1962

Kambo,

Hamjambo huko? Sisi tunapumua.

Mbwa ninao! Mweusi ni Twende, mwekundu ni Subiri. Wananilalia miguuni.

Juzi askari walichoma nyumba za barabarani, kijiji kizima kikakimbilia msituni. Niliwavua mbwa kengele. Lakini Twende alipopita majanini kimya, Michel, ndugu wa mama, alidhani ni mnyama akarusha mkuki. Ulikosa mgongo kidogo tu. Nikawavalisha tena kengele, nikazijaza nyasi zisilie. Jana mchana nyasi zikadondoka. Kengele ililia mara moja tu, na askari waliokuwa wakicheka barabarani wakanyamaza wote. Tulilala kifudifudi. Henriette alimziba mtoto wake mdomo mpaka nikadhani amemuua. Mwishowe wakapita.

Michel akanishika sikio: "Weye Cyrille, chagua: mbwa ao sisi! Kesho minye mwenyewe nitawanyonga." Mama alilia, hakunitetea.

Naja kwako na mbwa wangu. Nitafuata mto mpaka darajani. Floribert anavuka leo, lakini mtumbwi umejaa watu, basi nampa barua hii tu. Mama hajui. Usinikasirikie.

Cyrille

Likasi, 4 Januari 1963

Mjukuu wangu,

Nina haraka, lakini salamu ni salamu: hujambo?

Madaraja ya Lufira yamevunjwa. Mto umefurika, usiogelee. Wala usiwaache mbwa waingie majini, kwa maana utawafuata. Floribert anarudi kukutafuta ukingoni na barua hii. Nimemwagiza aite majina ya mbwa, si lako. Wewe utajificha, wao watatoka.

Njoo nao wote wawili. Sitasema neno.

Kambo wako,
Urbain

Likasi, 19 Januari 1963

Mjukuu wangu Cyrille,

Hujambo? Berthe anakusalimu kila asubuhi, akielekea mlangoni.

Floribert amenirudishia barua yangu. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Alitoka Twende peke yake, na kipande cha kamba shingoni. Mama yako amefika hapa pamoja na Michel. Hawasemezani.

Nimeitazama kamba ile mchana, kwa miwani. Imekatwa kwa kisu, si kwa meno. Nadhani ni wewe uliyemwachilia. Sijui ulikuwa umeona nini mbele yako.

Sina pa kuipeleka barua hii. Floribert anakwenda nayo tena, na safari hii anaita jina lako.

Itika.

Kambo wako,
Urbain