Mia Mbili Thelathini na Tisa

Rafiki yangu Idi,

Leo ni Ijumaa ya nne tangu nishuke kwenye lori Kondoa na kukuta wameshakuzika. Hapa shuleni wameleta mwalimu mwingine, kijana mpole, anakalia kiti chako. Watoto wa darasa la nne hukosea wakamwita kwa jina lako, naye haudhiki. Ninayeudhika ni mimi. Juzi alipita yule mkaguzi Mzungu, akakuulizia. Nilimwambia umefariki, akaandika kwenye karatasi yake, akaendelea kukagua madirisha.

Unakumbuka siku ulipoandika ubaoni moja saba mfululizo, 1,111,111, ili watoto wajifunze kusoma milioni? Walipotoka ukaniuliza kama kuna namba inayoweza kuigawa bila kubakiza kitu. Nikakwambia kwamba kwetu Ugogo baba alinikataza hata kuhesabu ng'ombe, maana kuhesabu huita kifo. Ukacheka, ukasema namba hii haina mwenyewe, basi hakuna wa kufiwa.

Tukagawana kazi, namba tasa tu. Zinazoishia na moja na saba zikawa zako, zinazoishia na tatu na tisa zangu, mpaka tuvuke elfu moja na hamsini na kidogo, kwa kuwa ukipita hapo bila kupata, hupati tena. Wewe ulishikilia kwamba inagawanyika, mimi nikabisha. Ulimaliza fungu lako usipate kitu, ukasema basi jibu limo katika fungu langu. Ukaniomba nirudie.

Idi, nilikasirika. Nilikuuliza mbele ya walimu wenzetu kama unaniona mwongo. Ukajibu, "Sikuoni mwongo, Yona. Nakuona umechoka." Nikakununia hadi likizo. Ulipanda lori kwenda kwenu na sikuja kukuaga, ilhali nilikuwa nyumbani nimekaa tu, sina kazi yoyote.

Sasa nakwambia. Kuanzia mia mbili sikugawa hata moja. Siku ile kulikuwa na ngoma ya mavuno kwa wajomba zangu, nikaandika "hapana, hapana" hadi chini ya karatasi, nikaenda zangu.

Mkeo alinipa daftari lako. Alisema ulikuwa ukiliandika kitandani kila homa ilipopungua. Nikalifungua, nikaona umeanza fungu langu upya, tatu, kumi na tatu, kumi na tisa, mwandiko ukizidi kutetemeka. Ulikomea mia mbili thelathini na tatu. Nikaketi pale pale kwenye mkeka wa matanga, nikagawa kwa inayofuata, mia mbili thelathini na tisa. Ikaja elfu nne mia sita arobaini na tisa, pasibaki kitu. Nilirudia mara tatu kwa kuwa machozi hayakuniacha nione. Mkeo alidhani nakulilia wewe tu.

Ulikuwa sahihi, ndugu yangu. Ilikubakia hesabu moja, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Ningeifanya siku ile, ungeijua ukiwa mzima, na tungecheka pamoja mpaka watoto watushangae.

Pumzika, Idi. Mungu akulaze pema. Mama watoto wako nitakwenda kumwona kila likizo. Na Jumatatu nitawaita walimu wale wale, niiandike hesabu yote ubaoni, jina lako juu yake. Watakapouliza ilikuwaje mimi nikaikosa, nitawaambia kwamba sikuigawa.

Wako,
Yona