Foleni ya Uji

Wajina wangu Njeri,

Hapa Dagoretti tu wazima. Guka, babu yako, bado anabishana na goti lake. Umeuliza umwamini mwanafunzi yupi kati ya hao wawili wa darasa lako. Nilipokuwa mwalimu mpya, mwanafunzi wangu Wambui aliungua mkono kwenye foleni ya uji, akasema Achieng', aliyekuwa nyuma yake, alimsukuma. Achieng' akakana. Mwalimu mkuu akataka Achieng' afukuzwe.

Nikakataa. Nikalipanga darasa foleni ile ile, vikombe vitupu, nami nikasimama mahali pa Achieng'. Wa nyuma wakasukumana kama kawaida, nikamwangukia Wambui na uzito wangu wote.

"Pole, mwalimu," Wambui akasema. "Kumbe hata wewe husukumwa."

Nikasimama mlangoni pa mwalimu mkuu mpaka akakubali Achieng' abaki.

Usiamue ukiwa ofisini, Njeri. Nenda kasimame waliposimama, hata wakikucheka.

Nyanya yako, Cucu