Mzee Funguo na Chumba cha Ndani

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo redioni. Wifi hajambo? Kifua chako kimepona? Acha maji baridi, sikuombi, nakuagiza. Sisi wazima, ila mpwa wako anaota meno na usingizi kwangu umekuwa wa kuibia.

Kazi ya usafi bado ninayo, kwenye lile jengo ambamo mkongo wa intaneti unaingilia kutoka baharini. Meneja wetu tunamwita Mzee Funguo, maana funguo zake unazisikia zikilia kabla hujamwona. Kila anayekuja humwambia mkongo ni wetu, mali ya nchi. Niliamini, mpaka nilipogundua kwamba chumba cha ndani, chenye mitambo yenyewe, hana ufunguo wake. Hukifungua fundi wa kampuni ya ng'ambo, kwa kadi yake. Mimi huingia kwa kuwa sakafu haijipigi deki. Nilimtania mzee kwamba dekio langu lina cheo kumzidi. Hakucheka.

Intaneti ilipopotea nchi nzima ukanipigia simu, nilikuambia mkongo umekatika, nanga ya meli imeupitia. Ukasoma hivyo hivyo kwenye taarifa ya habari.

Unakumbuka utotoni nikisema kikombe kimevunjika, mama alikuwa akiniuliza kama kimejivunja chenyewe? Swali hilo sasa najiuliza mwenyewe.

Kaka, nilikuwemo chumbani napiga deki. Fundi alisikiliza simu, akabonyeza vitufe vya mtambo, taa za kijani zikawa nyekundu moja baada ya nyingine. Akaniambia niangalie nisiteleze, kisha akanifundisha cha kusema: nanga. Kesho yake wakubwa wetu walisaini mkataba ambao Mzee Funguo alikuwa ameapa hawatausaini, wa kuikabidhi ile kampuni jengo zima hadi geti. Kalamu ilipowekwa chini, taa zikarudi kijani. Meli ya kutengeneza mkongo hatukuiona hata moshi wake. Mzee siku hizi anatembea kimya.

Niliogopa kufukuzwa. Nikakudanganya wewe, nawe ukawadanganya watu kwa sauti yako nzuri. Nisamehe. Jina langu usilitaje, nina mtoto. Lakini lile neno lirekebishe, tena hapo hapo uliposomea: mkongo haukukatika. Ulizimwa.

Msalimie wifi. Mpwa wako anakupungia mkono uliojaa mate.

Ni mimi mdogo wako,
Mvunja vikombe